Goti la Lomayani

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Daftari langu mpendwa, Bwana asifiwe. Hujambo? Umelalaje humo kwenye droo, katikati ya misumari na vipande vya kitambaa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa baridi ya mwezi huu inaingia hadi kwenye meno. Mlima Meru hatujauona tangu Ijumaa. Umejifunika wingu gubigubi kama mgonjwa.

Tufahamiane. Mimi ni Manase, Baba Violet, miaka arobaini na minane, Mchaga wa Marangu, fundi sofa hapa mtaa wa Kwa Mrombo, Arusha, mwimba besi, na senta wa timu ya kikapu ya wababa wa usharika wetu. Senta ndiye anayesimama chini ya goli kugombea mipira inayogonga chuma na kurudi. Kwa kawaida huwa mtu mrefu. Mimi si mrefu. Lakini nafasi ile ni yangu mwaka wa kumi na moja sasa, maana siku timu inaanzishwa nilikuwa wa kwanza kusimama pale, na hakuna aliyeniambia nitoke.

Madaftari katugawia kocha, Mwalimu Sifael. Mama mstaafu, kafundisha michezo miaka thelathini, filimbi haijamtoka shingoni hata kwenye misiba. Amesema msimu unafunguliwa tarehe mbili Agosti, na mchezaji hutengenezwa wakati huu ambao hakuna mechi. Kila mtu aandike alichofanya, alichokula, alichoendelea. Amesema hatasoma. Eti ni kati ya mtu na dhamiri yake. Basi dhamiri yangu ni wewe.

Halafu akasema la pili. Jumamosi tarehe 26 atasoma majina ya watano watakaoanza. Na akamtazama Lomayani.

Lomayani! Mwarusha wa Oldonyo Sambu. Ana ng'ombe kule, na huku mtaani amepanga nyumba kwa ajili ya watoto wa shule. Kwenye usharika wetu kaingia Februari. Kikapu kajifunza Machi. Akiruka kidogo tu, kama mtu anayekwepa dimbwi, anagusa chuma. Mimi miaka kumi na moja nakitazama kile chuma kwa mbali kama mbingu.

Na kibaya zaidi, ni mpole. Mtu mrefu mwenye majivuno unaweza kumchukia kwa amani. Huyu anakuokotea mpira na kukupa kwa mikono miwili.

Mama Violet alipita uwanjani akitokea sokoni. Njiani akasema yule kaka ana mwendo, jamani, kama twiga anakwenda ibadani. Nikamuuliza mimi natembeaje. Akasema tuharakishe, maharage yapo jikoni.

Maendeleo: nimeruka kamba mara thelathini na nane. Imekatika. Ilikuwa ya kufungia makochi.

Jumatano, 9 Julai.

Mpango wa kwanza! Nashangaa fundi mzima sikuufikiria mapema. Sponji. Ile ngumu, ya viti vya ofisini. Nimekata vipande sita, vitatu kila kiatu. Nimeongezeka vidole vinne. Nimepita mlangoni nikainama, ingawa haikuwa lazima. Raha iliyoje.

Jioni, mazoezini. Mpira ukagonga chuma. Nikaruka. Kupaa, nilipaa. Kushuka ndiko kulikoharibika. Sponji ikanipokea vizuri, ikanirudisha juu, ikanipokea tena, na mara ya tatu nikatua mgongoni kwa Yiamat, muuza mbogamboga, winga wetu wa kushoto. Akauliza, "Mangi, umekuja kucheza kikapu au umekuja kuruka na morani? Sema, nikuletee shuka." Kiatu kimoja kikatoka. Mwalimu Sifael akakiokota, akabonyeza ndani kwa kidole gumba, akasema kwa utulivu kabisa kwamba anahitaji sponji kama hii kwa viti vyake vya sebuleni, niende nikapime.

Wakacheka wote. Isipokuwa Lomayani. Alipiga goti akanifunga kamba za kiatu. Amepiga goti, na bado macho yetu yalikuwa karibu sawa!

Sikulala mapema. Moyo ulikuwa na kitu.

Ijumaa, 11 Julai.

Leo naandika kidogo, nguvu hazipo.

Nilimuuliza Resiato, mke wa Lomayani, kwa heshima zote, mumewe anakula nini. Akasema hana makuu, supu ya mifupa na magome ya mti, kama alivyokunywa tangu ujana. Nikaenda sokoni. Mzee anayeuza magome akasema kipande cha kidole kimoja kwa sufuria nzima. Nikapiga hesabu zangu: Lomayani ana miaka thelathini ya supu mbele yangu, lazima nimkimbilie. Nikatia fungu zima.

Tangu saa nne asubuhi nimeingia chooni mara tisa. Mama Violet amesimama nje ya mlango, anauliza kwa sauti ya upole ambayo siipendi kama tayari nimeanza kurefuka.

Maendeleo: suruali zinanilegea.

Jumamosi, 12 Julai.

Daftari, leo limetokea jambo. Sijui niliite nini.

Asubuhi saa kumi na mbili tulikuwa kwenye ibada ya jumuiya nyumbani kwa Mzee Elihuruma, mwenyekiti wetu. Tumeimba, tumesoma neno, tukafika kwenye mahitaji ya maombi. Bibi Sabina akaomba mvua. Mama Nice akaomba mwanawe apate kazi. Mzee Elihuruma akauliza kama kuna hitaji lingine. Nikasikia mtu anasimama. Ni mimi!

Nikasema tumwombee ndugu yetu Lomayani. Goti lake la kulia linamsumbua, naye kwa unyenyekevu wake anavumilia kimya kimya.

Nilipanga? Sikupanga. Ni uongo? Hapa nataka unielewe. Mtu wa kimo kile, magoti yale yamebeba mengi. Nilichofanya ni kuwahi tu.

Lomayani akaliangalia goti lake. Akafungua mdomo. Akaufunga. Na hapo ndipo nilipojua nimempata, maana hakuna Mlutheri atakayesimama kwenye jumuiya akatae maombi aliyoombewa. Ataonekanaje?

Mzee Elihuruma akasema kwa kuwa ni mimi niliyeguswa, niongoze. Nikaomba dakika saba. Nilimwomba Mungu ampe mtumishi wake pumziko. Pumziko refu. Hata mpaka Desemba, kama ikimpendeza.

Mwalimu Sifael ni wa jumuiya yetu. Katikati ya maombi nilifungua jicho moja. Yake yalikuwa wazi yote mawili, yanatazama goti.

Jumapili, 13 Julai.

Mipango ya Mungu ni ya ajabu. Habari ya goti imefika kanisani kabla yangu. Imesomwa kwenye matangazo, baada ya harambee ya mabati na kabla ya ndoa. Mwalimu Sifael amemzuia Lomayani asiguse mpira wiki nzima. Marta wa kwaya ya akina mama amempelekea dawa ya kuchua. Mama Nice, bandeji. Na Mama Violet amempelekea chupa ya maji ya moto ya kukandia. Ya kwetu! Ile ninayolala nayo mgongoni!

Lakini si neno. Tulipotoka ibadani wingu lilifunguka na Meru ukaonekana wote, hadi kilele. Nimelichukua hilo kama jibu.

Jumanne, 15 Julai.

Mazoezi bila Lomayani. Nimedaka mipira ya kurudi minne! Mmoja ulinijia wenyewe kifuani, lakini nimeuhesabu.

Nani ameona? Hakuna. Lomayani alikaa kwenye benchi, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, blanketi mapajani. Anapewa uji. Yiamat, aliyekuwa ananicheka juzi, alikuwa anampepea nzi. Nzi gani Julai hii? Kila nikidaka nageuka, naona migongo. Wanauliza goti limeamkaje.

Nyumbani Mama Violet akasema yule mwanaume anajua kuvumilia maumivu, hata kulalamika halalamiki. Mwaka jana nilipojigonga kidole kwa nyundo, yeye huyo huyo aliniambia niangalie nisidondoshee damu kitambaa cha mteja.

Nimetubu kidogo kabla ya kulala. Kwa ujumla. Sikutaja goti.

Jumapili, 20 Julai.

Maafa.

Kipindi cha ushuhuda. Lomayani akasimama, akatembea hadi mbele. Akasema yeye si mtu wa maneno. Akasema wiki iliyopita aliombewa goti, na leo goti ni zima. Akasema hakumwambia mtu yeyote, ila ndugu Manase alioneshwa. Ndivyo alivyosema: alioneshwa!

Mchungaji akamwuliza kama anaweza kutuonesha uzima wake. Lomayani akaomba radhi kwa madhabahu, akarudi nyuma hatua mbili katikati ya viti, akaruka. Daftari, amegusa lile pazia la zambarau lililofungwa juu kwa ngazi siku ya kipaimara. Kanisa zima vigelegele. Wazee wetu wasiopiga makofi, wamepiga makofi.

Nikaitwa mbele. Nikapewa mkono. Sitakuficha, kwa muda wa kama dakika kumi nilijisikia vizuri sana. Nje, kwenye mnada wa mavuno, hakuna aliyenunua ndizi. Walikuwa wamenizunguka. Bibi Sabina aliinua gauni hadi pale panapostahili, akasema, "Weka mkono hapo, mwanangu, na hili la pili pia, ni mapacha." Nimewekea mikono magoti kumi na moja, na kiwiko kimoja.

Kisha nikamsikia Mwalimu Sifael nyuma yangu akimwambia Mzee Elihuruma kwamba Lomayani wa sasa anaruka kuliko yule wa mwanzo. Eti amepumzika vizuri.

Mimi ndiye niliyempumzisha! Kwa kinywa changu, dakika saba!

Jumatatu, 21 Julai.

Nimeamka goti langu limevimba. La kulia. Ni ule mruko wa sponji, umesubiri siku zake. Nimemwambia Mama Violet nataka chupa yangu ya maji ya moto. Akasema tulishaitoa, na mtu haombi kitu alichotoa. Akasema kwa nini nisipeleke hitaji langu jumuiya.

Jumuiya! Niseme nini? Wataona nimepokonywa kipawa.

Jumatano, 23 Julai.

Zimebaki siku tatu. Mpango wa mwisho, na huu una mizizi.

Kwetu Marangu kuna jani la isale. Refu, la kijani, hupandwa kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo. Aliyekukosea akija nalo mkononi, humkatalii. Hata kama ni kesi ya miaka na miaka, hata kama ni damu, ukilipokea umesamehe. Basi nitakwenda kwa Lomayani na isale. Nitaomba msamaha, wa jumla. Na kwa pumzi hiyo hiyo, kabla jani halijatoka mkononi mwake, nitaomba aniachie nafasi ya senta. Atakataaje?

Nimelikata kwenye uzio wa jirani. Mama Violet, ambaye ni wa Rombo na aliolewa kutoka kwa Wakatoliki, akaja kwetu macho yake yote yakiwa wazi, akaniuliza ninampelekea nani. Nikamwambia. Akaendelea kukoroga mtori, supu yetu ya ndizi. Kisha akasema, "Baba Violet, isale si rungu."

Sijui alikuwa anamaanisha nini.

Alhamisi, 24 Julai.

Nimekwenda. Lomayani alikuwa kwenye ng'ombe wake, nikamfuata huko huko kwa bodaboda. Upande ule wa mlima ni mwingine kabisa: vumbi, upepo, ukame, na Meru unaangaliwa kwa nyuma kama mtu anayeondoka. Goti langu lilikuwa limekufa ganzi.

Nikamsalimu yeye na mkewe Resiato, nikakaribishwa maziwa. Wakati nanyoosha mkono kupokea kikombe, mbuzi akala nusu ya isale. Nusu! Nikamkabidhi Lomayani nusu iliyobaki, ikiwa na mate.

Akaipindua huku na huku. Akauliza kama ni dawa. Nikamweleza maana yake. Akavua kofia. Akaishika vizuri, kwa mikono miwili, akaniuliza nimemkosea nini. Nikasema ni kwa ujumla. Akasema hapana, ndugu yangu, kwao kosa husemwa kwa jina lake, ndipo lisamehewe.

Mungu wangu. Hilo sikulipanga.

Nikasema. Sijui kwa nini, labda ni lile jani, labda ni Resiato aliyekuwa amesimama na kibuyu anatusikiliza. Nikasema lile goti nililitunga. Nikasema nilitaka akae benchi ili nibaki senta. Nikasema nilidanganya, tena ndani ya maombi.

Hata yule mbuzi aliacha kutafuna.

Lomayani akapandisha suruali. Chini ya goti la kulia, kovu. Akasema ng'ombe wake mmoja, mtamba, alimpiga teke mwezi wa nne. Kila akitoka mazoezini lilikuwa linawaka moto. Hakumwambia mtu, hata Resiato, maana Mwalimu Sifael angemwacha. Niliposimama jumuiya na kutaja goti, la kulia, alidhani Mungu amemkamata. Na wiki ile ya kukaa, ya kuchuliwa na kukandwa, ndiyo iliyomponya.

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika miti ya zizi. "Mangi! Umedanganya, na ni kweli!" Resiato yeye hakucheka. Alimgeukia, akamtolea Kimaasai kirefu kisicho na nukta, kidole kikielekea kwenye kovu. Kwangu hata hakuangalia.

Fikiria, Daftari. Nimesimama pale na dhambi yangu mkononi, nimeibeba kilomita zote zile, na hakuna anayeitaka. Nimetenda dhambi maisha yangu yote, hakuna hata moja iliyowahi kumponya mtu. Ya kwanza kufanya kazi, imemponya huyu!

Kisha Lomayani akainama, akang'oa majani makavu ya nyasi, akaniwekea kiganjani. Akasema kwao hawana isale, wana nyasi, ng'ombe anakula nyasi na mtu anaishi kwa ng'ombe, kwa hiyo yamekwisha kati yetu. Akasema niseme ninachotaka.

Nikasema senta.

Akasema haya.

Haya! Kama mtu aliyeombwa chumvi! Nilitarajia aumie japo kidogo, angalau avute pumzi. Akaniuliza kama nitakunywa maziwa mengine.

Nimerudi na nyasi mfukoni. Ushindi huu hauna ladha. Labda ladha inakuja Jumamosi.

Jumamosi, 26 Julai.

Haikuja.

Mwalimu Sifael amesoma majina. Senta: Manase. Nikasimama, nikangoja. Nikasikia makofi mawili, moja likiwa la kwangu.

Akasema bado ana neno. Akavua miwani, akaifuta. Akasema katika miaka thelathini ya filimbi hajawahi kuona mchezaji anayekuja mwenyewe kumwambia amwache nje ili kaka yake mkubwa acheze. Akasema kikapu ameweza kufundisha, ila moyo ule haufundishwi. Kwa hiyo nahodha wa timu, kuanzia leo, ni Lomayani. Atakaa benchi, pembeni yake, awaongoze wenzake kutoka pale.

Yiamat alilia. Mtu mzima, muuza karoti, analia! Mzee Elihuruma akasema hili lifike dayosisi. Mama Violet alikuwa amekuja na hotipoti ya mtori. Nikajifuta jasho, nikajiweka tayari. Akanipita. Akaenda moja kwa moja kwenye benchi.

Halafu Mwalimu Sifael akaniita pembeni. Nikajua sasa ni zamu yangu ya neno zuri. Akasema benchi lile ni gumu kwa nahodha mwenye goti la kutunza, na mimi ni fundi, basi nilitengenezee mto. Ile sponji ngumu, akasema. Ile ya kiatuni.

Tukacheza wenyewe kwa wenyewe. Sikudaka hata mpira mmoja. Ungedaka vipi, wakati wenzako wote kila wakifunga wanageuka kutazama benchi? Na yeye amekaa pale, amenyooka, blanketi mapajani, bakuli la mtori mkononi, anatikisa kichwa taratibu kama askofu.

Nimekaa na jambo hili jioni nzima, mto wa sponji uko magotini kwangu, naushona kitambaa cha zambarau. Na nimeona mwanga. Miaka kumi na moja nimepigania sehemu isiyo sahihi! Kusimama chini ya goli ni kazi ya mtu yeyote mrefu. Benchi ndiyo nafasi yenyewe. Tena mimi kimo changu ni cha kukaa. Mto nimeukata kwa kipimo changu, siyo chake.

Mpango ni huu. Jumamosi ijayo asubuhi kuna jumuiya, mechi ya kwanza ni saa nane mchana. Nitasimama kwenye mahitaji. Goti langu limevimba kweli, mara hii hakuna uongo hata chembe. Nitamwombea pia Lomayani apewe nguvu mpya, nguvu nyingi, asiweze kabisa kukaa chini. Acheze kila dakika, maskini. Atashukuru.

Kitu kimoja tu kinanitatiza. Lake lilikuwa la kulia, na langu lililovimba ni la kulia. Watu wasije wakasema namwiga. Wewe unaonaje, nichechemee la kulia au la kushoto? Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumamosi saa kumi na mbili.

Wako katika Bwana,
Manase, senta (kwa sasa).